Kibali cha kumtembelea ndugu gerezani kikikoma: namna ya kukihuisha ukiwa Moshi au Arusha

Wiki ile mdogo wangu alipohukumiwa, mama aliamka saa kumi alfajiri kama alivyozoea, akapika kiburu, akakijaza kwenye hotipoti, akaifunga kwa kanga na kupanda hiace ya kwanza. Saa saba mchana alirudi. Hotipoti haikuwa imefunguliwa. Hakuna aliyemtukana wala kumsukuma. Askari wa getini alimwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, mwanao si mahabusu tena, sasa ni mfungwa. Mambo yanaanza upya." Mama alikuwa amepita geti lile kwa miezi kumi na minne, askari vijana wanamjua kwa sura, na bado jina lake halikuwemo kwenye daftari jipya.

Tulikaa wiki sita bila kumwona. Zingeweza kuwa mbili kama tungemjua mtu wa kutuelekeza. Tangu hapo nimewaandikia barua watu wengi, nyingine nimeziandika juu ya mapaja nikiwa nimekaa kwenye jiwe nje ya geti, na makosa ninayoyaona ni yale yale tuliyofanya sisi. Haya ndiyo ninayowaambia.

HATUA YA KWANZA: JUA KILICHOKATIKA NI KIPI

Watu wanasema "kibali kimeisha" kwa mambo manne tofauti. Usianze kuandika barua kabla hujajua lako ni lipi.

Lililotupata sisi ndilo linalowapata wengi: hukumu. Mahabusu bado ni mtu ambaye hajapatikana na hatia, kwa hiyo anavaa nguo zake, anaweza kuletewa chakula cha nyumbani, na anatembelewa mara nyingi zaidi. Siku hakimu anapotamka kifungo, anapewa sare ya rangi ya machungwa, anapewa namba ya mfungwa, na anahamia kwenye daftari jingine. Chakula anakula cha gereza. Wewe uliyekuwa umeandikishwa kama mgeni wa mahabusu unatakiwa ujitambulishe tena kama mgeni wa mfungwa. Usisubiri uambiwe getini. Anza kushughulikia siku ile ile mnapotoka mahakamani, hata kama macho yamevimba kwa kulia.

La pili ni uhamisho. Mtu alikuwa Gereza Kuu Karanga hapa Moshi, unakwenda unaambiwa yuko Kisongo, Arusha, au amepelekwa Maweni kule Tanga, au Isanga, Dodoma. Kibali ulichopewa na Mkuu wa Gereza mmoja hakimfungi mwenzake wa gereza jingine. Unaanza upya, ila unaanza ukiwa na karatasi mkononi, na hiyo ni nafuu kubwa.

La tatu ni kibali maalumu chenye tarehe. Hiki ni kwa wanaotembelea nje ya siku za kawaida kwa sababu wanatoka mbali, kwa rafiki au mchumba asiye ndugu wa damu, na kwa vikundi vya dini vinavyokwenda kufundisha na kusali na wafungwa. Kina mwanzo na mwisho. Tarehe ikipita, hata iwe jana, hicho ni kipande cha karatasi.

La nne ni zuio. Ulizuiwa kwa sababu ulikutwa na kitu kisichoruhusiwa, au ndugu yako yuko kwenye adhabu ya nidhamu. Hapa barua inabadilika, nitaieleza mwishoni.

HATUA YA PILI: JINA LAKE, KAMA LILIVYO KWENYE KARATASI ZA MAHAKAMA

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo siku nyingi zinapotea.

Sisi wa Kilimanjaro mtu mmoja ana majina mengi. Ana la ubatizo, ana la babu, ana la ukoo, na mtaani wanamwita jina ambalo hata mama yake hakulichagua. Alipokamatwa, aliyeandika maelezo polisi aliandika alichosikia. Likaingia kwenye hati ya mashtaka hivyo, likaingia kwenye hukumu hivyo, na gereza linapokea mtu kwa jina lililo kwenye hati ya kifungo. Mama mmoja kutoka Kibosho alifika kwenye gereza la ndugu yake siku mbili mfululizo akitaja jina la ubatizo na la ukoo, anaambiwa hayupo. Alikuwepo. Ameandikwa kwa jina la babu, na herufi "r" imegeuka "l".

Kwa hiyo tafuta nakala ya hukumu au walau namba ya kesi. Nenda masijala ya mahakama iliyomhukumu, taja tarehe na jina la hakimu, utaambiwa namba. Inaandikwa hivi: Kesi ya Jinai Na. fulani ya mwaka fulani. Nakili jina lake herufi kwa herufi, hata kama limekosewa. Kwenye barua yako andika jina la mahakamani kwanza, halafu uandike "ambaye pia anajulikana kama" na jina la nyumbani. Namba ya mfungwa utaipata kwake mwenyewe kupitia barua au wakili, au kwenye ofisi ya mapokezi ya gereza. Ukishaipata, iandike sehemu tatu: kwenye simu, nyuma ya picha yake nyumbani, na kwa mtu mwingine wa familia.

Kama amehamishwa na hujui aliko, rudi gereza alilotoka, uliza kwa upole amepelekwa wapi na tarehe ngapi. Una haki ya kuuliza. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, zinasema kwenye kanuni ya 68 kwamba mfungwa anatakiwa apewe nafasi ya kuijulisha familia yake mara moja anapofungwa, anapohamishwa, au anapougua sana. Ukimwona tena mwambie hilo, ili siku akihamishwa aombe yeye mwenyewe.

HATUA YA TATU: KARATASI ZAKO

Kitambulisho cha Taifa na kopi yake. Asiye nacho, kadi ya mpiga kura. Kwa mtoto, cheti cha kuzaliwa, na aongozane na mtu mzima ambaye naye yumo kwenye maombi.

Halafu barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Mjini ni Mwenyekiti wa Mtaa au Mtendaji, kijijini ni Mwenyekiti wa Kijiji au Mtendaji wa Kijiji. Watu wengi wanaleta barua inayosema tu "namtambulisha kwako mkazi wangu". Hiyo haisaidii. Mwombe mwenyekiti aandike mambo matatu: kwamba wewe ni mkazi wake, kwamba anakufahamu kuwa ni nani kwa mfungwa huyo (mama mzazi, mke, mtoto wa shangazi), na kwamba unaomba kumtembelea kwenye gereza gani. Picha ndogo ya pasipoti ibandikwe juu ya barua, na mhuri upigwe nusu uwe kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Nimeona barua nzuri ikirudishwa kwa sababu mhuri uko chini peke yake na picha imeshikizwa kwa pini, mtu yeyote angeweza kuibadilisha.

Mke aliyeolewa kimila bila cheti asiogope. Mwenyekiti aandike kwamba wanaishi kama mume na mke tangu mwaka fulani na wana watoto fulani. Iandikwe wazi. Usijiite dada kwa sababu umeona dada wanaingia kirahisi. Yeye ndani ataulizwa, "Huyu ni nani wako?" Atajibu mke, wewe umeandika dada, na hapo umewatia wote wawili kwenye mashaka ambayo hayakuwepo.

Kama ulikuwa na kibali cha zamani, kitoe kopi. Ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kuna mtu wa Magereza aliyewahi kukukagua na kukukubali.

HATUA YA NNE: BARUA YENYEWE

Barua inakwenda kwa Mkuu wa Gereza. Kwa vikundi vya dini na taasisi, inakwenda kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa. Iwe ya ukurasa mmoja. Usisimulie kesi. Usiseme ndugu yako alionewa, hata kama unaamini hivyo kwa moyo wako wote. Hilo lina mahali pake, mahakama ya rufaa, na anayeisoma barua hii hana uwezo nalo. Mimi naandika hivi:

Jina lako kamili
S.L.P. …
MOSHI
Simu: …
Tarehe: …

Mkuu wa Gereza,
Gereza Kuu Karanga,
MOSHI.

YAH: KUOMBA KUHUISHIWA KIBALI CHA KUMTEMBELEA MFUNGWA NA. …, (JINA KAMA LILIVYO MAHAKAMANI)

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni dada wa kuzaliwa wa mfungwa tajwa, aliyehukumiwa na Mahakama ya … tarehe … katika Kesi ya Jinai Na. … ya mwaka …. Nilikuwa nikimtembelea kwa kibali cha tarehe …, ambacho kinafikia ukomo tarehe … (au: alipokuwa mahabusu, au: alipokuwa Gereza la …, kabla ya kuhamishiwa katika gereza lako).

Kwa barua hii naomba kuhuishiwa kibali hicho kwa ajili yangu na mama yetu mzazi, (jina kamili), mwenye umri wa miaka ….

Naambatisha nakala za vitambulisho vyetu, barua ya utambulisho ya Serikali ya Mtaa wa …, na nakala ya kibali cha awali.

Natanguliza shukrani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(saini)
(jina)

Angalia maneno "kwa ajili yangu na". Watu wanasahau kuwaandika wengine, wanafikiri kibali cha mmoja kinabeba familia nzima. Kila atakayeingia aandikwe kwa jina, na kila mmoja awe na kopi ya kitambulisho. Kama mzazi ni mzee au ana shida ya miguu, litaje kwa sentensi moja ili apangiwe mahali pa kukaa.

HATUA YA TANO: KUIPELEKA NA KUIFUATILIA

Toa kopi mbili za kila kitu steshenari kabla hujafika, maana pale getini hakuna mahali pa kutolea. Bahasha moja ya kaki unaiacha. Kopi ya pili ya barua unaomba igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, au iandikwe kwenye kitabu cha dispachi na upewe namba. Sema tu, "Afande, naomba unigongee na hii yangu." Bila hiyo, ukirudi baada ya wiki mbili na barua haionekani, neno lako halina shahidi.

Nenda siku ya kazi, asubuhi, si siku ya kutembelea. Jumamosi na sikukuu askari wanahangaika na umati, na barua yako itawekwa chini ya nyingine. Anayetoka Rombo au Same alale mjini kwa ndugu kama anaweza. Kwa wanaokwenda Arusha, Gereza Kuu liko Kisongo, nje ya mji upande ule wa uwanja mdogo wa ndege, kwenye barabara inayokwenda Makuyuni. Kutoka Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80, na ukiongeza daladala ya kwenda Kisongo, ukitoka nyumbani saa mbili umeshachelewa.

Maombi haya hayana ada. Malipo ya serikali yanalipwa kwa kontroo namba na unapata stakabadhi. Mtu akikwambia utoe chochote ili barua "isogee", mwombe kontroo namba. Akiendelea, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Najua unaogopa kwamba ndugu yako ataumia ndani kwa sababu yako. Mimi pia niliogopa. Lakini ukishalipa mara moja, utalipa kila mwezi mpaka siku atakayotoka.

Wakati unasubiri, mwandikie. Barua ya kawaida yenye bahasha na stempu, jina lake na namba yake. Itasomwa na askari kabla hajapewa, kwa hiyo andika ya nyumbani: nani amejifungua, mahindi yamefikia wapi, mvua za masika zimeanza lini. Mdogo wangu alizitunza zote. Aliniambia baadaye kwamba wiki zile sita alidhani tumemtupa, mpaka ilipofika barua ya kwanza ya mama, mistari minne tu, imeandikwa na mtoto wa jirani.

HATUA YA SITA: SIKU YA KWANZA BAADA YA KIBALI KIPYA

Soma ubao wa getini kabla ya kufanya lolote. Siku na saa za kutembelea ziko pale, na orodha ya vinavyoruhusiwa iko pale. Fika na kibali halisi, si picha kwenye simu, kwa sababu simu utaiacha nje. Sabuni, mswaki, dawa ya meno, na taulo za kike kwa aliye gereza la wanawake, viwe ndani ya mfuko unaoonyesha vilivyomo. Sabuni ya kipande inaweza kukatwa katikati mbele yako. Usichukie. Dawa za hospitali mpe askari pamoja na cheti cha daktari ili zipitie zahanati ya gereza.

Utakaguliwa mwili, na mwanamke anakaguliwa na askari mwanamke. Una haki ya kukataa kukaguliwa, ila ukikataa hutaingia. Ndivyo hata Kanuni za Mandela zinavyosema.

Usimpelekee simu. Usimpelekee fedha mkono kwa mkono. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewaona wazazi waliofanya hivyo kwa huruma. Kwa sheria zetu, mfungwa mwenye nidhamu anapata msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake. Aliyefungwa miaka sita anaweza kutoka baada ya minne. Akikutwa na kitu ulichokificha kwenye mkate, siku hizo za msamaha zinaweza kukatwa. Utakuwa umemwongezea kifungo wewe uliyempenda.

Mkikaa, ongeeni Kiswahili. Askari anayesimamia anatakiwa asikie, na mkihamia Kichaga au Kimaasai mazungumzo yanaweza kukatishwa. Kwa mama lilikuwa gumu. Mambo ya moyoni anayajua kwa Kichaga tu. Siku ile ya kwanza alikaa kimya karibu muda wote akimwangalia mwanawe mikono, halafu akamuuliza, "Unakula?" na muda ukaisha. Ndiyo maana sasa tunaandika maswali kwenye karatasi usiku wa jana yake, mimi nayauliza, na yeye anabaki kumtazama kwa nafasi.

Swali la kwanza kwenye karatasi hiyo, kama hukumu ni ya karibuni, liwe la rufaa. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, kusudio ni siku 30. Mfungwa anaweza kuwasilisha nyaraka zake kupitia kwa Mkuu wa Gereza, bila wakili. Muulize: "Umeshatia saini notisi ya kusudio la rufaa?" Ndiyo maana nasema anza siku ya hukumu. Ukichelewa kibali kwa wiki sita kama sisi, zile siku 10 zimepita zamani, na itabidi kuomba mahakama iongeze muda kwa sababu za msingi. Wakili, kwa taarifa yako, anaingia kwa utaratibu wake na anaongea na mteja wake askari akiwaona bila kuwasikia. Akienda yeye, hajakula nafasi yako.

KAMA UMEKATALIWA AU UMEZUIWA

Uliza sababu, bila kupandisha sauti, na uombe iandikwe. Ikiwa kosa ni la karatasi, lirekebishe na urudi. Ikiwa ndugu yako yuko kwenye adhabu, uliza inaisha tarehe ngapi. Kuzuiwa kuonana na familia kunatakiwa kuwe kwa muda mfupi wenye mwisho na kwa sababu za usalama, si kwa hasira ya mtu. Ikiwa wewe ndiye uliyekosea, barua yako mpya ikiri kosa kwa sentensi moja, iahidi, na iombe. Nimeona barua kama hizo zikikubaliwa. Za kubisha sijaona.

Isipojibiwa, nakala ya barua yako yenye ule mhuri wa kupokelewa inapanda kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa. Majaji na mahakimu nao hutembelea magereza na kusikiliza malalamiko ya wafungwa wenyewe. Tuna Mahakama Kuu Moshi na Mahakama Kuu Arusha, kwa hiyo ndugu yako anaweza kulisema hilo wakifika. Juu ya hapo iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na kwa asiyejua kuandika barua hizi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bure. Waulizie kwenye halmashauri yako.

Waliohamishiwa mbali wanaweza pia kuomba mfungwa arudishwe karibu na nyumbani. Barua hiyo inaandikwa kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, ikipitia kwa Mkuu wa Gereza alipo, na iambatane na cheti cha hospitali kama mzazi ni mgonjwa na hawezi kusafiri. Inachukua muda. Iandike hata hivyo, na usiache kuhuisha kibali cha kule aliko ukiisubiri.

Ukishapata kibali kipya, angalia tarehe ya mwisho papo hapo kabla hujatoka getini. Kama imekosewa, ni rahisi kurekebishwa ukiwa bado umesimama pale. Ukifika nyumbani izungushie kwenye kalenda, halafu rudi nyuma wiki tatu uzungushie tena. Hiyo ya pili ndiyo siku ya kwenda kwa mwenyekiti kuchukua barua. Kwetu kalenda iko nyuma ya mlango wa jikoni, mama ameizungushia kwa mkaa kwa sababu kalamu haikuwa karibu, na kopi ya kila kitu iko kwa shangazi Majengo, ili siku mimi nikiugua kuna mtu wa kwenda.